Biashara yako inahitaji Mbps ngapi? Namna ya kuhesabu kabla ya kulipia

Ukizunguka Oginga Odinga Street mjini Kisumu, au Kenyatta Avenue kule Nakuru, hutakosa kukutana na mtu wa mauzo aliyeshika vipeperushi vya intaneti. Mara nyingi ataanza kwa kukuuliza mko watu wangapi. Ukimjibu kumi, anakuonyesha kifurushi kimoja. Ukisema ishirini, anakupandisha ngazi. Swali hilo peke yake halitoshi. Ofisi ya watu ishirini wanaoandika barua pepe na kujaza fomu inaweza kutulia kwenye laini ya Mbps 20, na studio ya watu watatu wanaowatumia wateja video ikateseka kwenye laini iyo hiyo. Kinachoamua ni kazi zinazofanyika kwa pamoja katika saa yenye shughuli nyingi kuliko zote, na upande zinakoelekea: zinaingia au zinatoka.

Mwongozo huu ni wa mwenye gesti, kliniki, duka, shule au ofisi ndogo ambaye hana fundi wa mtandao aliyemwajiri. Utahitaji kalamu, karatasi, kikokotoo cha simu na wiki moja ya kuangalia biashara yako inavyokwenda.

Vipimo vyenyewe

Mbps ni megabiti kwa sekunde. Faili kwenye kompyuta hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo laini ya Mbps 20 hukuletea megabaiti 2.5 kila sekunde, tena iwapo hakuna mwingine anayeitumia wakati huo. Faili ya gigabaiti 1, yaani megabaiti 1,000, itachukua karibu dakika 6 na sekunde 40. Fanya hesabu hiyo kabla ya kumpigia mtoa huduma ukilalamika kwamba amekupunja, kwa maana mara nyingi kasi ipo na kilichochanganya ni biti na baiti.

Halafu kila laini ina kasi mbili. Ya kupakua huleta vitu kwako. Ya kupakia hutoa vitu kwako na kuvipeleka nje. Matangazo hupenda kutaja ya kupakua, kwa kuwa ndiyo kubwa kwenye laini nyingi. Lakini angalia biashara ya leo inavyofanya kazi: kikao cha video na mfadhili aliyeko Nairobi, kamera za CCTV unazozitazama kwenye simu ukiwa shambani Siaya, nakala za akiba zinazopanda Google Drive kila jioni, picha za eksirei anazotumiwa mtaalamu Eldoret. Zote hizo zinategemea kupakia. Watu huongeza kifurushi, wakaongeza tena, na sura kwenye Zoom bado zinaganda, kwa sababu kila walipoongeza waliangalia namba moja tu kati ya hizo mbili.

Kipimo cha tatu ni muda wa kwenda na kurudi, unaohesabiwa kwa milisekunde. Setilaiti za zamani zinazokaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta huchukua zaidi ya milisekunde 500, na mazungumzo ya simu juu yake huwa ya kukatana maneno hata kasi ikiwa kubwa. Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, hutumia setilaiti zilizo karibu kilomita 550 kutoka ardhini, na muda wake ni makumi ya milisekunde tu. Kwa mtu wa Mfangano au ndani kabisa Trans Nzoia, mahali ambapo faiba haijafika, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike vifaa

Usihesabu simu na laputopu. Simu iliyolala mfukoni haitumii kitu cha maana. Andika kila kazi inayopita kwenye intaneti yako, kisha uiwekee namba. Hizi hapa ni za kuanzia.

Kikao cha video: Zoom wenyewe wanapendekeza takriban Mbps 1.2 kila upande kwa mazungumzo ya watu wawili katika ubora wa 720p. Kikao cha kundi kwa ubora huo kinataka 2.6 ya kupakia na 1.8 ya kupakua. Mimi huandika 3 kila upande kwa skrini kubwa ya ukumbini, na 2 kwa laputopu ya mtu mmoja.

Simu ya sauti kupitia intaneti: kilobiti 100 kwa sekunde kila upande zinatosha kwa simu moja. Hata simu kumi kwa pamoja hazifiki zaidi ya Mbps 1.

Filamu: Netflix hutaka Mbps 3 kwa 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Kama una runinga za 4K vyumbani, namba hiyo ya mwisho ndiyo itakayokula bajeti yako.

Barua pepe, WhatsApp ya maandishi, kurasa za kawaida, mfumo wa mauzo: nusu Mbps kwa kila mtu anayefanya kazi wakati huo ni nyingi. Ankara ya eTIMS inayokwenda KRA ni kilobaiti chache tu. Ujumbe wa M-Pesa unaothibitisha malipo ya till nao huja kwa SMS, haupiti kwenye laini yako ya intaneti. Ukiona keshia anangoja ankara ipite, usikimbilie kununua kasi. Angalia kama laini iko hewani, na kama mfumo wa upande wa pili unajibu.

Kamera: kamera ya megapikseli 2 hutoa kati ya Mbps 2 na 4 kwa mfumo wa kubana video wa H.264, na karibu nusu ya hapo kwa H.265. Ila namba hiyo inagusa intaneti pale tu picha zinapotoka nje ya jengo. Kamera zinazorekodi kwenye mashine iliyo ofisini hazitumii laini mpaka wewe utakapofungua simu kuzitazama. Kamera nane zinazopeleka kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni ni habari nyingine: Mbps 16 au zaidi za kupakia, usiku na mchana. Muulize aliyekufungia kamera zako ni za aina ipi.

Nakala za akiba na faili kubwa hazina namba moja. Zinachukua chochote zinachopata. Hapa piga hesabu ya muda. Chukua gigabaiti, zidisha kwa 8,000 upate megabiti, gawanya kwa kasi ya kupakia, utapata sekunde. Studio ya Nakuru inayomtumia mteja video ya harusi ya gigabaiti 30 kwenye laini inayopakia Mbps 5 itangoja saa 13 na dakika 20. Laini ikipakia 20, kazi hiyo inaisha kwa saa 3 na dakika 20, yaani anayeianza jioni anakuta imekwisha kabla hajalala. Ofisi ya uhasibu inayopandisha gigabaiti 100 kwa mara ya kwanza kwa Mbps 10 itahitaji saa 22 na zaidi. Baada ya hapo programu nyingi hutuma tu kilichobadilika, kwa hiyo mzigo huo wa kwanza upange Jumamosi jioni.

Hatua ya 2: Tafuta saa yako ngumu

Kila biashara ina saa yake. Wauzaji wa jumla karibu na Kibuye wana siku ya soko. Shule ina mwanzo wa muhula. Cyber iliyo jirani na chuo kikuu, kama zile za Kakamega, ina siku za usajili, na wiki ya mwisho ya Juni wateja wanapanga foleni kujaza taarifa za kodi kabla ya tarehe 30. Wiki hiyo tahadhari na jambo moja: tovuti ikisongwa kwa upande wake, hata Mbps 500 zako hazitaifungua haraka.

Ruta nyingi huonyesha matumizi. MikroTik, ambazo mafundi wetu wengi wanazijua vizuri, huchora grafu ya siku, wiki na mwezi, kupakua na kupakia kila moja na mstari wake. Kama ruta yako ni ile ndogo uliyopewa na mtoa huduma, angalia kwenye programu yake ya simu. Isipoonyesha chochote, weka daftari kaunta: kwa wiki nzima, kila saa, anayehusika aandike kinachoendelea na kama kuna aliyelalamika. Daftari hilo ni la thamani, kwa sababu linakuambia pia malalamiko yalikuwa ya nini. "Net iko chini" inaweza kuwa video imeganda, au ukurasa mmoja umekataa, au umeme umepotea.

Usishike wastani wa siku nzima. Gesti inaweza kuwa na wastani wa Mbps 12 kwa saa 24 na bado ikahitaji 70 saa mbili usiku.

Hatua ya 3: Jumlisha, kila upande peke yake

Tuchukue gesti ya vyumba 20 Milimani, Kisumu, yenye ukumbi wa semina wa watu 40. Biashara za namna hii ni nyingi mjini, kwa kuwa mashirika hupenda kuleta warsha zao karibu na ziwa, na mteja wa warsha akikosa intaneti siku moja hupeleka warsha ijayo kwingine.

Jioni kwanza. Vyumba 14 vina wageni. Tuseme 8 wanatazama filamu kwa 1080p: 8 mara 5 ni 40. Kumi wengine wako kwenye WhatsApp, TikTok na kurasa; tuweke 1 kwa kila mmoja, 10. Wawili wanaongea na familia kwa video, 4. Mapokezi, 2. Jumla ya kupakua ni 56. Kupakia: simu za video 4, picha za simu zinazojihifadhi zenyewe wageni wakishaunganisha Wi-Fi tuzipe 6, mwenye gesti anayetazama kamera akiwa nyumbani 2, na vinginevyo 2. Jumla 14.

Asubuhi saa nne kuna warsha. Skrini kubwa imeunganishwa na mkufunzi aliye mbali: 3 kila upande. Washiriki sita wamejifungulia kikao kwenye laputopu zao wenyewe, kama kawaida: 12 kila upande. Washiriki 40 wanafungua barua pepe na nyaraka, nusu kwa kila mmoja: 20 za kupakua. Kupakia, ongeza 5 za simu zao na 2 za kamera. Kupakua jumla ni 35, kupakia 22.

Angalia kilichotokea. Jioni ndiyo inayoamua namba ya kupakua, na asubuhi ndiyo inayoamua namba ya kupakia. Aliyehesabu jioni peke yake angenunua laini inayopakia 15, na warsha ingemwaibisha mbele ya wageni waliolipa.

Sasa ongeza akiba ya asilimia 30 juu ya kila namba kubwa, kwa sababu laini iliyojaa hadi ukingoni huanza kuchelewesha kila kitu. 56 inakuwa karibu 73. 22 inakuwa karibu 29. Gesti hii itafute laini ya takriban Mbps 75 hadi 80 za kupakua na 30 za kupakia. Kifurushi cha Mbps 500 kingekuwa pesa iliyolala, ambayo ingefanya kazi zaidi ikinunua vifaa vizuri vya Wi-Fi kwa kila ghorofa.

Agroveti ya Bungoma yenye kompyuta mbili haihitaji ukurasa mzima: Mbps 10 zinatosha, na kinachobaki kiende kwenye betri ya ruta.

Hatua ya 4: Kagua ndani ya kuta kabla ya kununua nje

Chomeka laputopu kwenye ruta kwa waya, zima Wi-Fi yake, waombe wengine watulie dakika tano, kisha pima kwa speedtest.net au fast.com. Andika kupakua, kupakia na milisekunde. Baadaye chukua laputopu hiyo hadi pale watu wanapolalamika, pima tena kwa Wi-Fi. Kama waya unatoa 40 na chumba cha mwisho kinatoa 4, laini yako haina kosa. Kuta za mawe za majengo yetu, mabati na umbali hula mawimbi. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katikati ya mji kila jirani anazitumia. Hamisha vifaa vya karibu kwenda 5 GHz, ongeza kituo cha pili cha Wi-Fi kilichounganishwa kwa waya, na uangalie nyaya zenyewe: Cat5e nzuri hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, lakini iliyopindwa mlangoni au kuliwa na panya inaweza kushuka hadi sehemu ndogo ya hapo.

Kuna tatizo lingine ambalo watu hawalioni. Mtu mmoja akianza kupandisha faili kubwa, pakiti zake, yaani vipande vidogo vya data, hujaza foleni ndani ya ruta, na pakiti ndogo za simu ya video zinakwama nyuma yake, kama mteja wa nusu kilo ya misumari anayengoja lori la saruji lishushe mzigo mlangoni mwa hadiwea. Kipimo cha kasi kitasema kila kitu kiko sawa. Dawa yake ni kuiweka ruta itoe kipaumbele kwa sauti na video, na kuiwekea kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini, tuseme asilimia 90, ili foleni isijengeke. Tenganisha pia Wi-Fi ya wageni na ya kazi, na ya wageni uipe kikomo kwa kila kifaa. Fundi anayejua kazi yake huyafanya haya kwa mchana mmoja, na mara nyingi haja ya kununua kasi zaidi inaisha hapo.

Hatua ya 5: Muulize mtoa huduma, na majibu yawe kwa maandishi

Faiba nyingi za mtaani hutumia mfumo wa GPON. Uzi mmoja wenye gigabiti 2.5 za kushuka na 1.25 za kupanda hugawanywa kwa wateja, mara nyingi 32 au 64. Mpango huo si mbaya. Hufanya bei iwe ya kuridhisha, na kwa kawaida majirani hawatumii wote kwa pamoja. Lakini elewa kwamba neno "hadi" kwenye kipeperushi lina maana. Hata angani watu hugawana: Novemba 2024 Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa kuwa uwezo ulikuwa umejaa.

Laini maalumu isiyogawanywa ni ghali mara kadhaa kwa kila Mbps, na huja na mkataba wa upatikanaji, yaani asilimia ya muda ambao laini inaahidiwa kuwa hewani. Hesabu asilimia hiyo kwa saa: 99 inamruhusu mtoa huduma kukukatia saa 7 na dakika 12 kwa mwezi wa siku 30. 99.5 ni saa 3 na dakika 36. 99.9 ni dakika 43. Hospitali au kituo cha huduma kwa simu kina sababu ya kulipia hiyo. Duka la nguo halina.

Maswali ya kuuliza: Kasi ya kupakia ni ngapi? Kuna kiwango cha matumizi ambacho nikikivuka kasi inashushwa, na inashuka hadi ngapi? Laini ikikatika Ijumaa jioni, nani anakuja, lini? Nitapata anwani ya IP isiyobadilika kama naitaka kwa kamera au seva? Anayesita kuandika majibu haya kwenye barua pepe amekwisha kukujibu.

Kiwango cha matumizi usikipuuze. Laini inayotumia wastani wa Mbps 1 tu usiku na mchana humaliza karibu gigabaiti 324 kwa mwezi. Gesti yetu ya Milimani yenye wastani wa 12 ingekaribia terabaiti 4.

Hatua ya 6: Njia ya pili

Biashara nyingi ndogo zingefaidika zaidi na laini mbili za kawaida kuliko moja kubwa. Ila laini ya pili iwe ya njia tofauti kweli. Kampuni mbili za faiba zilizopitisha nyaya kwenye nguzo zile zile zitaanguka pamoja siku lori litakapogonga nguzo. Faiba kama ya kwanza na 4G, 5G au setilaiti kama ya pili ni mpango bora, na ruta yenye milango miwili ya intaneti inaweza kuhama yenyewe. Ya pili si lazima ibebe kila kitu. Hesabu tu yale ambayo yakisimama biashara inasimama, kama malipo, eTIMS na simu za wateja. Kwa kawaida Mbps 5 hadi 10 zinatosha.

Kuna hitilafu ambazo laini yoyote ya ardhini haiwezi kuzikwepa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikalegea Afrika Mashariki nzima, Kisumu sawa na Mombasa. Siku kama hiyo ongea na mtoa huduma kuhusu nyaya anazotegemea, badala ya kubadilisha ruta.

Na umeme. Huku kwetu Kisumu, Kakamega na Kisii radi ni nyingi. Uzi wa faiba ni kioo, haupitishi umeme, lakini waya wa umeme wa ruta na nyaya za shaba zinazokwenda kwenye kamera za nje hupitisha. Weka kinga ya umeme, weka waya wa ardhi, na ununue betri ndogo ya ruta. Ruta hutumia wati chache tu, na betri ya bei nafuu huiendesha kwa saa kadhaa.

Siku ya kufungiwa

Fundi akimaliza, usitie sahihi fomu ya kukubali kazi saa tano asubuhi wakati mtaa mzima uko kimya. Omba siku tatu. Pima kwa waya katika saa yako ngumu uliyoipata kwenye daftari, kila siku, kupakua na kupakia, na upige picha ya skrini. Kama laini inayotakiwa kupakia 30 inatoa 11 saa nne ya siku ya warsha, picha hizo tatu ndizo utakazomtumia mtoa huduma, na ikibidi Mamlaka ya Mawasiliano. Baada ya hapo rudia kipimo kila mwezi, na uongeze kifurushi tu pale grafu ya saa ngumu inapopita asilimia 80 ya laini mara kwa mara, upande wowote kati ya hiyo miwili.